Muhuri au Mashine

Nianze na kanuni ya meza, maana usipoijua hutaelewa kwa nini mpaka leo nikimwona Thurlow Gebhardt dukani nageuza kigari changu na kwenda kununua vitu nisivyovihitaji, ilimradi nisisalimiane naye.

Chama chetu cha wapenda sarafu hukutana kila Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, hapa Ohio karibu na ziwa. Mtu akiwa na sarafu anayodhani maandishi yake ni ya pacha, anaiweka juu ya kitambaa cheusi na inazungushwa mezani. Kila mmoja anaitazama kwa lenzi. Hakuna kusema, hakuna kuguna, hakuna kukohoa kwa mafumbo. Ikishamaliza mzunguko, ndipo kila mtu anatoa neno moja, kuanzia mwanachama mgeni kuliko wote mpaka mwenyekiti, na mwenye sarafu anamalizia. Maneno ya kuchagua ni mawili: muhuri, au mashine.

Muhuri maana yake kosa lilikuwapo kabla sarafu haijazaliwa. Kile chuma kinachopiga chapa kilitiwa sura yake mara mbili, na mara ya pili kikakaa upande kidogo, kwa hiyo kila senti iliyotoka chini yake ina herufi mbili mbili, zote nene, zote zimevimba vizuri, na kwenye pembe za herufi kuna mkato mdogo pale zinapoachana. Hiyo ndiyo tunayoitafuta maisha yetu yote. Kuna ile maarufu ya mwaka 1955 ambayo hata mtu aliyesahau miwani nyumbani anaiona. Nyingine zinataka subira, taa nzuri na shingo isiyouma.

Mashine maana yake muhuri ulikuwa mzima, ila ulilegea ukacheza wakati wa kupiga, ukaikwangua herufi ubavuni na kuiachia ngazi bapa inayong'aa. Hiyo haina maana yoyote. Ziko tele, na mitandaoni kuna watu wasio na haya wanaowauzia wageni wa mambo haya takataka hizo kwa maneno matamu. Ndiyo maana chama chetu kina kanuni ya pili: sarafu ikiitwa mashine na meza nzima, mwenyewe anaitia kwa mkono wake kwenye kopo la michango ya zimamoto pale mlangoni, papo hapo, isije ikamdanganya mtu mwingine.

Kanuni nzuri kabisa. Tatizo ni watu.

Mdogo wangu Reino Lahti alikuwa mwanachama tangu zamani, na sarafu zake zote zilikuwa zimeishia koponi. Sisemi uongo nikisema zote. Reino aliona mapacha kila mahali. Aliona mapacha kwenye mwaka, kwenye sikio la Rais Lincoln aliye kwenye senti, kwenye ngazi za lile jengo la upande wa pili. Wakampa jina la Pacha. Akiingia tu ukumbini, Fusco kinyozi anapaza sauti, "Pacha! Leo wamezaliwa wangapi?" Na Reino anacheka pamoja nao, anavua koti, anawasha birika la kahawa, anapanga viti. Alikuwa akiendesha gari la kuondoa theluji la kaunti mpaka alipostaafu, na tangu Marjatta mkewe afariki, nyumba yake ilikuwa kimya kiasi kwamba hata friji ikiwaka unageuka kutazama. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake. Na alikuwa na hamu moja tu, aliniambia waziwazi: kwamba kabla hajafa, meza nzima iseme neno muhuri kwa sarafu aliyoileta yeye.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa kumi akanipigia simu.

"Dada, njoo."

"Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Njoo tu, na usinywe kahawa huko kwako."

Nilimkuta jikoni, mkate wa iliki umekatwa, na ile taa yake ya zamani ya balbu ameiinamisha mpaka karibu iguse meza. Chini yake palikuwa na senti moja ya shaba ya mwaka 1961 aliyoitoa kwenye kibunda cha senti alichochukua benki.

"Usiseme kitu," akaniambia. "Tazama tu."

Nilitazama nikiwa tayari kumhurumia, maana nimeshamhurumia mara nyingi kwenye meza ile. Nikaizungusha polepole chini ya mwanga, kama inavyotakiwa. Herufi za juu ya kichwa cha Lincoln zilikuwa mbili mbili. Miguu ya kila herufi ilikuwa imepasuka kwa ule mkato, na pacha zote mbili zilikuwa nene, hakuna ngazi, hakuna mng'aro wa kukwanguliwa. Halafu nikaona mstari mwembamba ulioinuka, unatoka kwenye tai ya Lincoln kushuka kwenye mwaka. Mstari ulioinuka juu ya sarafu ni mkwaruzo uliokuwa kwenye muhuri wenyewe. Kila senti iliyopigwa na muhuri ule lazima iwe nao.

"Reino," nikasema.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sema unachoona, dada. Usinifurahishe."

"Ni muhuri, bwana wee. Ni muhuri mtupu!"

Akakaa. Akatafuna mkate kwa muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji kutafunwa. "Na wao wataona?"

"Macho si wanayo?" nikamjibu, na hapo ndipo nilipokosea hesabu, kwa sababu kuwa na macho na kutazama ni vitu viwili.

Alhamisi ikafika. Reino alikuwa amechana nywele. Sarafu ikawekwa juu ya kitambaa, na kwa desturi ikaanzia kwa mwenyekiti, yaani Thurlow Gebhardt, aliyewahi kuwa na duka la misumari na mbao na bado anaongea na kila mtu kama amekuja kurudisha bidhaa. Thurlow alikuwa amenunua lenzi mpya yenye taa ya duara, mwanga unamwagika pande zote, mzuri wa kutazama chunusi. Mtu yeyote anayejua kazi hii anajua kwamba mwanga wa namna ile unalaza kila kitu. Unene unapotea, herufi iliyovimba inaonekana bapa. Unatakiwa mwanga wa upande mmoja, na uizungushe sarafu.

Hakuizungusha. Aliishika kwa muda wa kupiga chafya, akaguna, akasema, "Haya, Pacha kajifungua tena."

Meza nzima ikacheka.

"Mwenyekiti, kanuni!" nikamkemea. "Hakuna kusema mpaka izunguke!"

"Aa, Elma, si namtania tu ndugu yako? Mbona yeye mwenyewe anacheka?"

Kweli Reino alikuwa anacheka. Na mimi nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto, kwa sababu nilijua kilichofanyika pale. Guno lile lilikuwa limeshapiga kura kwa niaba ya watu wote. Sarafu ikapita mkono kwa mkono kama sahani ya mboga ambayo hakuna anayeitaka. Fusco aliitazama huku akimsimulia jirani yake habari za mpira. Jolene Kuhar, ambaye ndiye mwanachama mgeni, aliishika kwa muda mrefu zaidi. Nilimwona anaiinamisha, nilimwona anakunja uso, nilimwona anamtazama Thurlow. Wengine, hakuna hata mmoja aliyeitazama sarafu. Walimtazama Reino, wakaona yuleyule Reino.

Zamu ya kusema ikafika. Jolene akaanza.

"Ma... mashine, nadhani."

"Usidhani, mama, sema," akasema Thurlow.

"Mashine."

"Mashine," akasema Fusco.

Mashine, mashine, mashine, ikazunguka hivyo mpaka kwangu.

"Muhuri!" Nikapiga meza, vikombe vikaruka.

"Dada mtu lazima ampiganie mdogo wake," akasema Fusco, na wakacheka tena, kwa upendo, na upendo ule ulinichoma kuliko matusi.

"Mashine," akasema mwenyekiti.

Aliyebaki sasa ni mwenye sarafu. Nilimgeukia Reino. Nilitaka asimame. Nilitaka achukue ile lenzi ya Thurlow aitupe dirishani, adai taa ya kawaida, awaambie wazungushe upya. Niliomba moyoni aseme hilo neno moja, hata kama litapotea hewani. Angalau mbele yao wote angekuwa amelisema.

Reino alitabasamu, akatazama mikono yake.

"Mashine," akasema.

Akaichukua senti yake, akatembea mpaka mlangoni, akaitia koponi. Aliporudi aliuliza nani anaongezewa kahawa.

Ndani ya gari sikumwonea huruma.

"Wewe una wazimu? Si ulinionyesha mwenyewe jikoni! Uliona!"

"Wengi wameona vingine, dada."

"Wengi hawakutazama kitu!"

"Labda ni taa yangu. Taa yenyewe ya zamani."

"Taa yako ndiyo taa pekee yenye akili katika kaunti hii! Kwa nini umejikana mbele ya watu, Reino?"

"Washa gari, dada. Baridi."

Nikawasha gari. Kwa majuma kadhaa sikumpelekea hata supu. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Thurlow, na nasema wazi kwamba sikuona sababu ya kutomkasirikia. Yeye aliendelea kwenda Alhamisi kama kawaida, kahawa, viti, kucheka. Ila hakuleta tena sarafu hata moja. Fusco alimuuliza, "Vipi Pacha, umefunga uzazi?" naye akajibu, "Umri, kaka," na mazungumzo yakaishia hapo.

Theluji ikaja, ikaondoka. Alhamisi moja ya majira ya kuchipua Thurlow aliingia ukumbini na keki. Mkononi alikuwa na kikasha cha plastiki kilichofungwa rasmi, na usoni alikuwa na ule utulivu wa mtu anayesubiri kuulizwa.

"Jamani," akasema tulipokaa, "sikutaka kusema mpaka iwe hakika. Nimepata muhuri. Mpya kabisa, haujawahi kuandikwa popote. Nimeupeleka kwa mtaalamu, na amekubali. Jina langu ndilo litakaloingia kwenye orodha kama mgunduzi."

Makofi. Fusco alisimama kumkumbatia. Reino naye alipiga makofi kule kwenye birika, na akamkatia Thurlow kipande cha kwanza cha keki.

"Umeitoa wapi, Mwenyekiti?" akauliza Jolene.

"Kibunda cha kawaida tu, mama. Benki ya hapo kona."

"Si ndiko zimamoto wanakopeleka kopo lao?"

Jolene aliuliza bila nia yoyote, naamini. Thurlow akavuta kiti chake. Alikuwa ameshaiweka sarafu juu ya kitambaa ili izunguke kwa heshima, na safari hii, nawaambieni, hakuna aliyeguna. Kila mmoja aliinama juu yake kama anaabudu. Watu waliozungumza habari za mpira mwezi wa kumi sasa walikuwa wanashusha pumzi. "Tazama unene huo." "Mikato ile, jamani, inaonekana mpaka basi." Kanuni ya kimya ilivunjwa tena, na tena hakuna aliyejali, maana ilivunjwa kwa ajili ya mwenyekiti.

Ikanifikia. Senti ya shaba, mwaka 1961. Nikaiinamisha. Herufi za juu ya kichwa, mbili mbili. Nikashuka na lenzi taratibu mpaka kwenye tai, na kabla sijafika kwenye mwaka nikauona mstari ule, ulikuwa pale pale.

Wakaanza kusema. Muhuri, akasema Jolene. Muhuri, akasema Fusco, kwa sauti ya kanisani. Muhuri, muhuri, mpaka kwangu.

"Muhuri," nikasema. "Na mwezi wa kumi meza hii hii iliuita mashine ukatiwa kwenye kopo pale mlangoni. Senti ya Reino. Mstari ule ule kutoka kwenye tai. Niliuona kwa macho yangu jikoni kwake."

Thurlow akaweka uma chini. "Elma. Senti za mwaka ule ni mamilioni."

"Muhuri wenye mkwaruzo ule ni mmoja. Usinifundishe kazi ambayo nimeifanya kabla hujajua kushika lenzi!"

"Sawa, basi nionyeshe. Iko wapi hiyo sarafu?"

"Unaniuliza iko wapi? Wewe uliyemfanya aitupe?"

"Mimi?" Akageuka kuwatazama wengine, mikono wazi. "Mimi nilisema neno langu moja kama kila mtu. Mbona ndugu yako mwenyewe alisema mashine? Kwa mdomo wake. Mlisikia wote."

"Hapo kweli, Elma," akasema Fusco polepole. "Tulisikia. Alisema."

Hilo ndilo lililonichoma. Watu wale walikuwa wamemkalia mdogo wangu mpaka akawapa neno la kumkalia tena, na sasa walikuwa wamelishika kama risiti. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Reino, aliyekuwa amesimama kando ya birika na kisu cha keki mkononi.

"Eti, Pacha?" akasema Thurlow, kwa upole kabisa. "Si ulisema mashine?"

"Nilisema," akajibu Reino.

"Basi."

"Nilidanganya."

Alikiweka kile kisu juu ya meza. Sijawahi kumwona akimtazama Thurlow usoni hivyo.

"Niliona muhuri," akasema. "Niliuona nyumbani, na nikauona tena hapa ilipokuwa inapita mikononi mwenu, maana hata kwa mbali nilijua namna mwanga unavyoishika. Nilisema mashine kwa sababu nilitaka Alhamisi inayofuata nije tena."

"Sasa nani angekukataza kuja?" Fusco alikuwa ameumia kweli, nilimsikia. "Pacha, sisi si ndugu zako?"

"Hakuna ambaye angenikataza. Ila nikikosea mnanipenda, Fusco. Hilo nalijua, nimelizoea, linanitosha. Sikujua mngenifanyaje nikiwa sahihi peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Jolene alifunika uso kwa mikono. "Niliona," akasema ndani ya viganja vyake. "Mzee Reino, na mimi niliona, nikaogopa." Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, na sikufanya lolote kati ya hayo.

Thurlow alikohoa. "Sikiliza, Reino. Hili linarekebishika. Nitamwandikia yule mtaalamu, tuweke majina mawili. Lako na langu."

"Weka lako," akasema Reino. "Safari hii uliitazama."

Akazima birika, akachukua koti lake, akatoka. Vikombe aliviacha bila kuosha, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikawaambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ambayo sijutii hata moja. Nilimwambia Thurlow kwamba keki yake ni mbichi katikati, na hilo pia lilikuwa kweli.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilikuwa nimejiandaa kumburuta mpaka ukumbini akae kwenye kiti chake, maana kiti ni chake, amekilipia kwa miaka yote ile ya kuchekwa. Nikamkuta jikoni, amevaa shati safi la kutokea na nywele amechana. Taa ilikuwa imeinamishwa na vibunda viwili vya senti vimefunguliwa mezani.

"Unakwenda?" nikamuuliza.

"Nilifikiri huenda watapitia kunichukua. Fusco huwa anapita njia hii." Akavuta kiti. "Kaa, dada. Hebu nisaidie kutazama hizi."

Tukatazama. Akiona kitu alikuwa anasema yeye kwanza, kabla yangu, na hakukosea hata mara moja: hii mashine, hii mashine, hii muhuri wake ulichoka tu kwa kutumika sana. Macho yake yalikuwa mazuri kabisa. Nilijiuliza yalikuwa mazuri tangu lini, na ni mara ngapi kwenye meza ile aliwaletea makusudi kitu cha kuchekea, na swali hilo sikuthubutu kumuuliza.

Simu aliiweka karibu na mkono wake, juu ya meza, kioo kimetazama juu. Saa ya mkutano ikafika, ikapita. Gari likapita nje, tukasikia linapunguza mwendo kwenye kona, halafu likaendelea. Simu haikulia.

"Labda leo wana mgeni," akasema Reino. "Wakiwa na mgeni huwa wanachelewa."

Nikachukua kisu nikamkatia mkate.